Somo: Kupigana angani kwenye Crimson Skies bila kuzunguka kama pia

Wakuu, wengi wanaoanza gemu ya ndege za kivita Crimson Skies: High Road to Revenge (mashine ya Xbox, 2003) wanakufa kwa kosa moja: kumkimbiza adui kwa kijiti kimoja tu cha kidhibiti. Mnazunguka wawili kama pia, mara anatokea wa tatu anakumaliza.

Kisa chenyewe kitamu. Ni miaka ya 1930 ya kubuni, Marekani imemeguka vijinchi, mizigo inasafiri kwa zepelini (yale maputo makubwa ya gesi yenye injini) na maharamia wanaivizia mawinguni. Nathan Zachary, shujaa wetu, anaanza akiwa ameshaliwa ndege yake na zepelini yake Pandora kwenye kamari. Shujaa gani huyo! Haya, twende.

Hatua ya 1: Dole gumba zote mbili kazini. Kijiti cha kushoto kinakata kona na kuinua au kushusha pua. Cha kulia kinaibiringisha ndege.

Hatua ya 2: Vijiti vyote kwa pamoja ndiyo sarakasi. Jifunze kwanza Immelmann: ndege inapanda, inalala chali, kisha inajinyoosha ikitazama ilikotoka. Aliyekuwa mgongoni kwako sasa mnatazamana uso kwa uso, na wewe ndiye uliyejiandaa. Ila sarakasi inakula nguvu. Kipimo kikikauka unasubiri kijae, kwa hiyo mbwembwe waachie wenye maisha ya ziada.

Hatua ya 3: Amekung'ang'ania mkiani? Kanyaga breki, akupite.

Hatua ya 4: Risasi za kawaida haziishi, mwaga. Silaha ya pili inahesabika. Itunzie shabaha kubwa.

MASWALI

Mkuu, ndege yangu inafuka moshi na misheni haijaisha. Nifanyeje?
Usife nayo. Hapa si lazima ubaki na ndege moja: palipo na ndege imeegeshwa, tua uichukue. Penye mizinga ya kutungulia ndege, ishike hiyo. Mimi hupenda mizinga kuliko hata kuruka.

Xbox yangu ya zamani imekata roho, diski ninayo. Nitupe?
Thubutu! Tangu Oktoba 2017 gemu hii inakubali kwenye Xbox One. Weka diski, uwe na intaneti maana inajipakua.

Kucheza na watu mtandaoni je?
Xbox Live ya mashine za kwanza ilizimwa Aprili 2010. Bado unaweza kuunganisha mashine kwa waya, kwa hiyo mwite jirani aje na yake.