UTI ikirudi tena na tena, omba mkojo uoteshwe

Dada zangu wa Kampala, kama UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) imekushika mara 2 ndani ya miezi 6, au mara 3 kwa mwaka, acha kununua antibiotiki duka la dawa kwa kukisia. Nenda kwenye kituo chenye maabara, uombe mkojo uoteshwe, yaani maabara ikuze bakteria waliomo ili wajulikane. Kipimo cha kijiti kinachochovywa kwenye mkojo huonyesha dalili za maambukizi tu. Kuotesha humtambua bakteria mwenyewe, mara nyingi E. coli, na dawa inayomuua. Majibu huchukua siku 2 au 3. Toa sampuli kabla ya kumeza dawa yoyote: mkojo wa mwanzo uache upite, kinga wa katikati.

Halafu maji. Wengi mnaouza soko la Owino mnajinyima kunywa ili msilipie choo kila mara, na hilo linaniuma. Mkojo uliobanwa kutwa huwapa bakteria nafasi ya kuzaliana. Kunywa, na ukojoe baada ya tendo la ndoa. Mama aliyekoma hedhi amuulize daktari kuhusu krimu ya estrojeni (homoni ya kike) ya kupaka ukeni.

Ukiwa mjamzito mwenye dalili za UTI, au ukipata homa na maumivu ya ubavuni, nenda hospitali siku hiyo hiyo.