Namna ya kupatia biashara yako hadithi, mukiliya asimame, asikilize, anunue

Fungua statu za WhatsApp mangaribi hii, upite kwa batu kumi bale banauzisha kitu. Utakuta "Arivaje mupya! Kalite ya juu, bei muzuri, karibu inboksi", kisha foto ya viatu. Unapita, arivaje mupya, kalite, foto ya mafuta ya ngozi. Unapita tena, sambaza, ile samaki ndogo ya ziwa Kivu. Funga simu, kunywa maji, kisha ujiulize nani alikuwa anauzisha nini. Mimi hiyo nilishafanya mara mingi na sikumbuki hata mumoja, na mule ndani kulikuwa batu bako na bintu bizuri kabisa, inaniumaka kuona vile.

Mimi ninauzishaka sambaza ya kukauka hapa Bukavu. Nilianza na meza ku Kadutu, kisha nikaongeza simu. Miezi ya kwanza nilikuwa naandika kama bote, "sambaza safi, bei muzuri". Siku moja mukiliya wangu wa Nguba, mama wa heshima, akanitumia odio akikasirika: "Mutoto wangu, juu ya nini bei imepanda tena? Wiki ilipita haikuwa vile." Nilikuwa nimechoka, sikuwa na nguvu ya kuandika, nikamujibu na sauti. Nikamuambia mama, toka inje uangalie mwezi. Bavuvi ya ziwa yetu banavuaka usiku na mataa, banafunga mitumbwi tatu pamoja na miti mirefu, banashusha wavu, banawasha taa, sambaza inapanda kufuata mwangaza. Sasa mwezi ikijaa maji yote inawaka, sambaza haishikwi tena na taa, inatawanyika, wavu inapanda karibu bure. Usiku kama ule bavuvi bengi banabakia ku nyumba. Hii kidogo yenye imepatikana njo ninakuuzishia, mwezi ikipungua na mimi nitapunguza bei.

Kitu yenye ilifuata sikuitegemea. Yule mama alinunua, kisha akatuma ile odio mu grupe ya bamama ya kanisa yao, na kesho yake batu benye sikujua banaanza kuniandikia: "Ni wewe ule wa sambaza na mwezi?" Sikushusha bei hata franga moja. Tangu siku ile ninasema na ninarudilia, mukiliya akielewa kitu imetoka wapi na juu ya nini iko bei ile, nusu ya kubishana bei inaisha yenyewe.

Sasa namna ya kufanya.

Kwanza acha kutafuta hadithi mbali. Bengi banafikiri hadithi ni kupamba maneno, ao ni kuelezea vile ulianza biashara na dola ishirini ukateseka miaka tatu. Ile inaweza kusaidia mara moja, mukiliya akitaka kukujua, lakini kila siku mukiliya hatafuti wewe, anatafuta yeye mwenyewe ndani ya ile unasema. Anataka kujua kesho mchana atapikia batoto nini, harusi ya Posho atavaa nini, mugeni akikuja atamupatia nini kwenye hatapata haya. Hadithi yenye inauzisha iko na mukiliya katikati, wewe unasimama kando.

Shika kitu yako ku mukono, ile unauzisha, uiangalie, uulize ilitoka wapi, mikono ya nani iliigusa, na ikifika ku nyumba ya mutu inabadilisha nini. Jibu na bintu bya kuona na macho, si na maneno kama "kalite" ao "spesiali". Sambaza kwa mufano, bijana bengi ya hapa banafikiri iko mu Kivu tangu Mungu aliumba dunia. Apana. Ililetwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, mbele ya pale haikukuwa mu ziwa yetu. Nikisimulia ile, bazee banaanza kujibu, banasema babaa zao balikuwa banakula samaki gani mbele, mazungumzo inakuwa ndefu, na mazungumzo ikikuwa ndefu mutu anamaliza akiuliza "sahani ni ngapi?"

Kisha chagua mutu mumoja, siku moja, fasi moja. Hapa njo batu bengi banaanguka. Banaandika "tunavalisha bibi harusi bote ya Bukavu", na wewe unasoma unapita. Niko na rafiki fundi wa kushona, anakaa Essence, mukono yake ni zawadi, lakini statu yake ilikuwa foto za robu juu ya manekeni, kila siku, bila neno. Nikamuomba anisimulie kazi moja yenye hatasahau. Akaniambia kuhusu dada mumoja alikuja na kitenge ya marehemu mama yake, ilikaa mu valizi miaka na miaka, ilikuwa na alama ya kukunjwa yenye pasi haiwezi kutosha, na yeye fundi alikaa usiku anageuza kitambaa mara huku mara kule mupaka ile alama ikaingia ndani ya mushono, ku robu haionekani tena. Nikamuambia andika hiyo, vile vile umenisimulia, usibadilishe. Akaomba ruhusa kwa dada, dada akakubali lakini akasema sura yake isionekane, basi foto ikakuwa ya mikono tu na kitenge. Ile wiki balikuja batu batatu na bitambaa bya zamani, bya mama, bya shangazi, kazi yenye yeye hata hakukuwa anajua kama batu banaitafuta.

Ruhusa ni lazima. Mukiliya alikuletea shida yake juu anakuamini, usiiweke inje bila kumuuliza, na akisema apana ni apana, hata kama ile hadithi ni tamu namna gani.

Ndani ya hadithi yote kunapaswa kuwa kitu yenye inakwama. Alama ya kukunjwa yenye haitoke. Mwezi imejaa. Mvua imekata barabara na bageni bako njiani. Bila kukwama hakuna mutu atasikiliza mupaka mwisho, njo maana bibi zetu pembeni ya moto balikuwa banaanzaka na njaa ao na mutoto alipotea, habakuanzaka na kusema kila kitu iko sawa. Basi sentensi yako ya kwanza iwe pale penye kunakwama. Usianze na "Mujambo bote, leo nilitaka kuwaambia kuhusu", mutu ameshapita kitambo. Anza "Jana usiku bavuvi hawakutoka." Atasimama, atauliza juu ya nini.

Sasa niseme kitu moja yenye iko ku roho yangu. Kwetu hapa machozi haikosekani, vita, kukimbia, kupoteza batu, kila nyumba iko na yake. Kuna bauzishaji banachukua ile banaiweka ku biashara, "nunua unisaidie, niliteseka". Ninawaelewa, lakini ninawaomba baache. Mutu akinunua juu ya huruma ananunua mara moja, kisha akikuona anapita ngambo ingine ya barabara juu anaogopa utaomba tena. Angalia kahawa ya Idjwi, kile kisanga ya mu ziwa Kivu, na ya Kalehe, pembeni ya ziwa. Miaka mingi bakulima balikuwa banavusha kahawa yao usiku na mitumbwi kwenda Rwanda, juu huku hakukuwa soko ya kweli, na batu bengi balizama mu ziwa. Kuna bauzishaji ya Ulaya banaelezea ile ku bakiliya yao, na si uongo. Lakini wewe unauzishia kahawa batu ya hapa, na kati yao kuna benye balipoteza ndugu ku yale maji. Kwao simulia ile ingine: mama anapita ku miti anachuma matunda ya kahawa zenye ziko nyekundu tu, za kijani anaziacha zingoje, kisha zinamenywa, zinaoshwa, zinatandikwa juu ya meza jua izikaushe na mutu anazigeuza siku nzima. Simulia ile miti iko ku bilima juu ya ziwa, na ziwa yenyewe iko karibu mita 1 460 juu ya bahari, njo maana ile kahawa, aina ya arabika, inaiva pole pole na inanukia vile. Pale mukiliya ananunua na heshima, na atarudia.

Na usidanganye. Bukavu si kubwa. Ukisema kahawa ni ya Idjwi na ulichanganya na ya fasi ingine, kutakuwa mutu wa Idjwi mu grupe, atainywa, atasema, na pale hata ile ya kweli hawataamini tena. Kama haujui kitu imetoka wapi, uliza mwenye alikuuzishia, ao simulia kipande yenye uliona na macho yako. Mama wa maandazi hana lazima ya kusimulia ngano ya unga wake ilitoka wapi, anaweza kusimulia saa kumi ya usiku anapowasha makala mutaa yote ikiwa imelala.

Kuhusu simu, mega ya interneti ni bei, basi usitume video ndefu, kwangu foto moja na odio ya dakika moja inapita video yote. Odio inasaidia sana bamama ya umri benye habapendi kusoma, na sauti ya mutu haidanganye kirahisi. Sema na Swahili ya kwetu, ile unasemaka ku soko, Kifaransa cha ofisi uache ku ofisi. Mimi ninakataka hadithi bipande tatu: asubui ninaweka pale penye kunakwama na ninaacha pale, mchana ninaonesha mutu anafanya nini, mangaribi ninamaliza na ninaweka bei. Statu inapotea kisha masaa 24, basi batu banajua bakichelewa mwisho itabapita. Ijumaa usisimulie kitu ya harusi, imechelewa, anza Kazi Tatu. Na mwisho wa mwezi kwenye mishahara inaingia njo ninatoa hadithi yenye iko na nguvu kuliko zote.

Mwisho wa hadithi sasa, na hapa ninaonaka batu bazuri banapoteza makuta. Banasimulia vizuri, batu banaweka mioyo na banalia, kisha hakuna bei, hakuna fasi, hakuna kitu. Mutu amefurahi na anaenda kununua kwa jirani! Sentensi ya mwisho iwe wazi namna hii: "Sahani ni 5 000 FC, niko ku meza mupaka saa kumi na moja, M-Pesa ao Airtel Money inapita, wa Panzi na Bagira motari anafikisha." Usiseme "bei inboksi". Ulimutembeza njia yote ile, kisha ku mulango unamufungia.

Nunua na kaye kidogo. Kila mutu akinunua muulize pole pole alisikia wapi, uandike: alipita tu, alitumwa na rafiki, ao alisikia hadithi gani. Kisha wiki mbili fungua uhesabu. Kama hadithi moja ilileta maulizo mingi lakini hakuna mwenye alinunua, angalia kwanza kama bei ilionekana, kisha angalia kama mule ndani ulikuwa unajisemea wewe tu. Badilisha kitu moja, sentensi ya kwanza ao foto, ingine yote uiache vile, urudishe statu wiki yenye inafuata. Ile yangu ya mwezi nimeisimulia mara sijui ngapi sasa, kila mwezi ikijaa batu banaiomba benyewe, na mama wa Nguba ananitumiaka foto ya mwezi juu ya ziwa mbele hata nifungue kinywa, na chini anaandika: "Niwekee sahani mbili mbele haziishe."