Tangazo linasema kilomita 18 kwa lita, gari yako inatoa 11: pima hivi kabla hujamkimbilia fundi

Nilivyonunua IST yangu, ile ya cc 1300, tangazo lilikuwa limeandikwa kilomita 18 kwa lita, nikapiga hesabu palepale, Mbezi mpaka Posta na kurudi ni kama kilomita 45, kwahiyo lita mbili na nusu kwa siku, hata nikiweka na mizunguko ya jioni bado nipo vizuri. Mwezi wa kwanza kuisha hela ya mafuta ikawa imezidi nilichopanga kwa zaidi ya nusu. Nikaenda kwa fundi. Akafungua boneti akasema oksijeni sensa, tukabadilisha. Akasema plagi, tukabadilisha, akasema tusafishe nozeli, tukasafisha, na kila akiniuliza "vipi, imepungua?" namwambia kama imepungua kidogo hivi, kumbe najibu tu, sikuwahi kupima hata siku moja.

Wengi tuko hivyo. Tunaingia sheli, "niwekee ya elfu ishirini", kesho kutwa taa inawaka, tunaweka ya elfu kumi na tano, na mtu akikuuliza gari yako inakulaje unamjibu "ya elfu ishirini naenda nayo siku mbili". Hicho sio kipimo. EWURA, wale wanaopanga bei za mafuta, wakitangaza bei mpya Jumatano ya kwanza ya mwezi, kichwani mwako gari imeanza kula zaidi wakati ni ileile.

Kupima kwenyewe ni rahisi ila kunataka uwe na hela ya kujaza tenki, hapo ndo watu wengi wanakwama. Nenda sheli unayoiamini, jaza mpaka pampu ijikate yenyewe, ikishajikata mwambie asiongeze hata tone, wale wana tabia ya kubonyeza bonyeza ili hela iishie kwenye namba nzima, mkatalie. Kabla hajaanza hakikisha pampu inasoma sifuri. Ukitoka hapo bonyeza kile kitufe cha dashibodi mpaka trip A, yaani kile kihesabu cha kilomita za safari, isome 0. Endesha kama siku zote, usijifanye mstaarabu kwasababu unapima, mpaka tenki ishuke chini ya nusu, halafu rudi sheli ileile na kama inawezekana pampu ileile, jaza tena mpaka ijikate. Lita zilizoingia mara ya pili ndo ulizokula. Kilomita za trip gawanya kwa hizo lita, basi. Lita zisome kwenye risiti, usikadirie.

Kwanini nasema chini ya nusu tenki? Kwasababu pampu haijikati sehemu ileile kila siku, inaweza kupishana hata lita nzima kutegemea gari imesimama vipi. Lita moja kwenye lita 27 ni kama asilimia 4, unaweza kuivumilia, ila lita moja kwenye lita 5 ni asilimia 20, hapo umepima upepo. Na rudia mara tatu. Mimi zangu za mjini zilikuwa kilomita 312 kwa lita 27.4, ikafuata 298 kwa 27.0, halafu 331 kwa 27.9. Jumlisha kilomita zote, 941, gawanya kwa lita zote, 82.3, unapata 11.4. Hiyo ndo namba yangu ya foleni ya Morogoro Road, na ile ya tangazo ni 18.

Ngoja, kuna kitu kinawadanganya watu wengi, matairi. Kama gari ilikuja na 175/65 ringi 14 na wewe ukaivalisha 185/65 ringi 15 ili inyanyuke kidogo na ipendeze, tairi jipya ni kubwa kwa karibu asilimia 7, kwahiyo dashibodi ikikuambia umetembea 300 ukweli umetembea kama 320, na wewe unalia gari inakunywa wakati kilomita 20 hazijahesabiwa. Washa GPS ya simu mkiwa safarini, linganisha na trip kwa kilomita 50 hivi, utajua dashibodi yako inakosea kwa kiasi gani. Na zile gari zenye kioo kinachokuonyesha wastani wa mafuta, kiangalie kwa kujifurahisha tu, mara nyingi kinakupendelea mwenye gari.

Sasa hiyo 18 imetoka wapi. Gari zetu nyingi za Japani za miaka ya 2000 zilipimwa kwa mtindo unaoitwa 10-15, kwenye katalogi utakuta hizo namba zimeandikwa hivyohivyo katikati ya Kijapani, na hata kama hukisomi hizo namba utaziona. Gari inafungwa juu ya rola ndani ya chumba, injini imeshapata moto, AC imezimwa, dereva anafuata mchoro kwenye skrini kwa dakika 11, jumla kilomita 4 na kitu, spidi ya juu kabisa ni 70. Hakuna kilima, hakuna matuta, hakuna mama mkwe na magunia mawili ya mkaa nyuma. Baadaye Wajapani wenyewe wakaona hii imezidi, wakaleta JC08 ambayo ni dakika 20, spidi inafika 81 na sehemu ya kipimo injini inaanza ikiwa ya baridi, na gari ileile ikipimwa huku namba inashuka. Kuanzia 2017 wakaanza kuhamia WLTC, ambayo inakaribia zaidi maisha ya kweli na inakupa namba ya mjini peke yake na ya barabara kuu peke yake. Kwahiyo swali la kwanza kwa dalali sio "inatembea ngapi kwa lita" bali "hiyo namba ni ya kipimo gani". Wengi hawatajua, ila mwaka wa gari utakusaidia kukisia.

Sisemi watengenezaji wote ni malaika. Aprili 2016 Mitsubishi walikiri kuchezea vipimo vya gari ndogo zaidi ya laki sita, zikiwemo walizowatengenezea Nissan, na Nissan ndo walioshtukia. Marekani nako Hyundai na Kia walilazimika kushusha namba zao mwaka 2012. Ila hizo ni kesi za pekee, kwa gari nyingi pengo linakuwepo bila mtu yeyote kudanganya. Hata Ulaya walipoanza kusoma kompyuta za gari zenyewe zikiwa barabarani, gari za petroli na dizeli za 2021 zilikula kama asilimia 20 zaidi ya karatasi, na zile hybrid (zenye injini na mota ya umeme pamoja) za kuchomeka kwenye umeme zilizidi mara tatu na nusu, kwasababu wenyewe hawazichomeki.

Angalia pia vizio. Tangazo la Uingereza linatumia maili kwa galoni na galoni yao ni kubwa kuliko ya Marekani, kwahiyo 40 ya Uingereza ni kilomita 14 kwa lita na 40 ya Marekani ni 17. Ukikuta lita kwa kilomita 100, gawanya 100 kwa hiyo namba.

Mimi nikiona namba ya 10-15 naondoa theluthi nzima kwa matumizi ya Dar, nikiona JC08 naondoa robo, WLTC naisoma ile ya mjini halafu naondoa kidogo kwa ajili ya AC. Hii ni kanuni yangu mwenyewe, sijaisoma popote, na ukikaa Dodoma ambako foleni hamna unaweza kuwa mpole zaidi. Kwa Dar foleni ndo mlaji mkuu. Injini ndogo ikisimama inanguruma na AC imewashwa inakula kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, na kilomita ulizotembea ni sifuri, kwahiyo masaa mawili Ubungo kila siku hesabu mwenyewe.

Ukishapata namba ya mjini usiende kwa fundi bado. Pima na ya safari. Jaza tenki, toka mjini, tembea 80 mpaka 90 bila kukimbizana na mabasi, rudi, jaza. Mimi nilienda Morogoro nikarudi, kilomita 361 kwa lita 23.4, yaani 15.4. Na zile 50 za vijijini ambazo tunazilalamikia kwasababu ya tochi hazikuniumiza hata kidogo, kinachokula mafuta ni kutoka 50 kwenda 100 kwa hasira ukishapita kibao, na ukizidi 100 upepo ndo unakunywa mafuta yako.

Hapo sasa ndo unapata jibu. Safari ikiwa nzuri na mjini ikiwa mbaya, gari ni nzima, unaumwa foleni, usinunue sensa. Zote mbili zikiwa mbaya, gari inaumwa, nenda kwa fundi ukiwa na namba zako. Hybrid zenyewe hazifuati hii, mjini ndo zinang'aa na safari inapunguza, kwahiyo Aqua yako ikiwa mbaya mjini wahi kupima betri.

Gari ikiwa inaumwa anza na vya bure. Upepo wa matairi, soma stika kwenye mlango wa dereva, ya Kijapani imeandikwa kPa, 220 ni kama 32 kwenye geji ya mtaani. Ukitoka kwenye mzunguko sogeza mkono karibu na ringi moja moja bila kuigusa, moja ikiwa inatoa joto kuliko wenzake ujue breki inashika. Toa keria juu kama hubebi kitu. Oili, angalia mfuniko au kitabu, gari imeandikiwa 5W-30 ambayo ni nyepesi wewe unawekewa 20W-50 nzito kwasababu "nchi yetu ya joto", injini inasukuma uji.

Halafu themostati, kile kifaa kinachozuia maji ya kupoza yasizunguke mpaka injini ipate moto. Hiki ndo kinaniudhi kuliko vyote. Mafundi wetu wakiona gari imechemsha mara moja wanaitoa na kuitupa, wanakuambia huku kwetu haina kazi. Bila hiyo maji yanazunguka muda wote, injini haipati moto wake, kompyuta inadhani bado asubuhi na inaendelea kumwaga mafuta mengi. Dalili yake iko machoni, kwenye safari mshale wa joto unashuka chini ya pale ulipozoea kukaa, au kwenye gari zisizo na mshale ile taa ya bluu inachelewa kuzima.

Jirani yangu ana Passo, mjini alikuwa anapata 9 na safari 11, nikamwambia hizo mbili haziwezi kukaribiana hivyo kwenye cc 1000, taa ya bluu inazima baada ya muda gani? Akasema akifika Kimara, na anatokea Kibaha. Tukafungua, pale inapokaa themostati palikuwa peupe. Akaweka mpya, akajaza tenki mbele yangu, akaniletea risiti ya pili baada ya wiki na nusu: 13.2, na alikuwa ameiandika kwa kalamu kwenye kioo cha jua cha dereva.