Kukarabati Viungo vya Vigae na Mawe ya Ukingo kwenye Bwawa la Zamani

Vigae vya mstari wa maji, yaani vile vya bwawa la kuogelea vilivyo pale uso wa maji unapofika, vinapoanza kubanduka, gundi ndiyo hulaumiwa kwanza, ilhali mara nyingi chanzo kiko juu yake, katika ule mwanya unaotenganisha mawe ya ukingo na sakafu inayolizunguka bwawa. Sakafu ya zege hutanuka jua linapoichoma na kusinyaa inapopoa. Mwanya huo ukiwa umezibwa kwa saruji, au umejaa mchanga na mizizi, sakafu hukosa pa kwenda, huyasukuma mawe, nayo huondoka na vigae vilivyo chini yake.

Shusha maji hadi sentimita 15 au 20 chini ya vigae, wala usilikaushe bwawa zima, kwa kuwa mahali ambapo maji ya ardhini yako juu, bwawa tupu linaweza kuinuliwa kutoka chini na kupasuka. Kisha gonga kila jiwe na kila kigae kwa mpini wa bisibisi: kilichoshika hutoa mlio mkavu, kilichoachia hulia kama kibuyu kitupu. Weka alama ya chaki kwenye vyote vinavyolia hivyo, hata vile ambavyo kwa macho vinaonekana vizima.

Ng'oa vilivyoachia na uchonge gundi ya zamani hadi kwenye zege imara. Ukikuta ufa umeingia ndani ya zege lenyewe, simama hapo na umwite fundi wa miundo, maana kigae kipya juu ya ufa ulio hai, yaani unaoendelea kusogea, kitapasuka palepale. Paka gundi ya saruji inayofaa kukaa majini daima, ukutani na mgongoni mwa kigae, pasibaki uwazi nyuma. Kwa vigae vilivyoshika, chimbua grauti chakavu (saruji inayojaza viungo kati ya vigae) angalau theluthi mbili za unene wa kigae, ukiwa umevaa barakoa ya kuzuia vumbi. Grauti mpya ishindilie kwa mwiko wa mpira ukienda mshazari, kisha futa kwa sponji iliyokamuliwa barabara. Sponji inayochuruzika huosha saruji na kuacha viungo dhaifu.

Sasa urudie ule mwanya. Usafishe, uache ukauke kabisa, halafu usindike kamba ya povu iliyo nene kidogo kuliko upana wa mwanya, ili kizibo cha poliuretani, kinachonyumbuka kama mpira, kishike pande mbili tu na kiweze kuvutika. Kina cha kizibo kiwe takriban nusu ya upana: mwanya wa milimita 12 unahitaji milimita 6. Hapa saruji haina nafasi, hata ikiwa ndiyo pekee iliyobaki kwenye ndoo.

Subiri muda ulioandikwa kwenye mfuko wa gundi na wa grauti kabla ya kurudisha maji, kisha pima pH ya maji (kipimo cha asidi na alkali) mara kwa mara katika wiki za mwanzo, kwa sababu saruji mpya huipandisha.