Mambo ya kuzingatia kabla hujaandika "had"

Kwanza kabisa, hesabu matukio. Wakati uliopita timilifu wa Kiingereza unataka mambo mawili yaliyopita, moja limtangulie mwenzake, na "had" hukaa kwenye lililotangulia. Una tukio moja tu, wala hakuna saa au tukio jingine lililopita la kulilinganisha nalo? Achana nayo. "I had come yesterday" ikisimama peke yake humwacha msomaji akisubiri: ulikuja, halafu? Andika "I came yesterday", uendelee na shughuli zako.

Baada ya "had" weka umbo la tatu la kitenzi: "had gone", si "had went". Hilo halina mjadala. Na "had had" si kosa la uchapaji, maana umbo la tatu la "have" nalo ni "had"; usiifute.

Sasa tulia hapa kwenye "when". "Before" na "after" zinajieleza zenyewe, ndiyo maana "She left before I arrived" inatosha. "When" haina huruma hiyo. Mwenzetu mmoja kazini, mtunza stoo, alitakiwa kuandika maelezo kwa sababu wakaguzi walifika jioni wakakuta mlango umefungwa. Muda wa kazi ulikuwa umekwisha, naye alishajiondokea zake. Akaandika: "When the auditors arrived, I locked the store and left." Yaani aliwaona wanakuja, ndipo akafunga akatoka! Bosi akaisoma, akamtazama, akauliza, "Kwa hiyo uliwakimbia?" Jamaa akaduwaa, kwa akili yake alikuwa amesema kweli tupu. Ilitakiwa iwe "I had already locked the store and left", basi. Ikabidi aandike barua ya pili kuieleza ya kwanza, na ukishafika huko, hata ukweli unaonekana umepikwa.

Kinachouma ni kwamba kwa Kiswahili asingekosea. Angesema "walipofika, nilikuwa nimeshafunga." Kwa hiyo itamke kwanza sentensi yako kwa Kiswahili, ukisikia "nilikuwa nime-", mara nyingi "had" inahusika. Mara nyingi, si kila mara: "nilikuwa nimekaa" ya mtu aliye kitini ni "I was sitting". Usiifuate kibubusa.

Kwenye sentensi za masharti kuhusu jambo lililopita ambalo halikutokea, "had" inakaa upande wa "if": "If I had known, I would have called." Usiandike "If I would have known", hata kama unaisikia kwenye filamu. Kifupi cha "'d" nacho kina mitego: "I'd gone" ni "had", "I'd go" ni "would". Kwenye barua rasmi andika neno zima.

Halafu usimwage "had" kila mstari. Ukishamrudisha msomaji nyuma, endelea na wakati uliopita wa kawaida mpaka utakapohitaji kurudi tena. Na kama maandishi yenyewe yanaweza kukuletea kesi, taja na saa kabisa, kisha mpe mtu ambaye hakuwepo ayasome akueleze kipi kilianza.