Rangi ya Milan, ukuta wa kwako
Unataka kupaka rangi sebuleni? Kabla hujaenda hadweya cheki picha za Salone del Mobile ya Milan, yale maonyesho ya fanicha yalianza 1961 na siku hizi huwa Aprili, maana rangi zikitamba kwenye masofa ya pale baadaye zinashuka mpaka kwenye mito na mapazia ya bei zetu. Ila usikopi kavukavu, picha zile zinapigwa chini ya mataa ya maana, wewe una balbu moja nyeupe darini 😅 Nunua kopo dogo, paka kipande cha boksi, kiegemeze ukutani ukiangalie asubuhi, jioni na usiku taa ikiwaka. Mimi kahawia yangu ya maziwa usiku iligeuka uji wa ulezi, nikaishia kununua foronya mbili tu za rangi hiyo.