Seli ya jua kwa rangi ya choya: mwongozo wa hatua kwa hatua kutoka maabara ya shule, Kisumu

Ukichemsha choya kavu, haibiskasi kama inavyouzwa huku kwetu, unapata maji mekundu yanayovutia macho. Wekundu huo ni mwanga ambao rangi imeuacha upite. Mwanga wa kijani imeumeza, na nishati yake imeingia kwenye elektroni moja ndani ya molekuli. Kwenye kikombe cha chai nishati hiyo hupotea mara moja ikawa joto. Hapa tutaidaka kabla haijapotea na kuitoa kwenye waya.

Seli ya namna hii ilipata umaarufu mwaka 1991, pale Brian O'Regan na Michael Grätzel walipochapisha kazi yao waliyoifanya Lausanne, Uswisi. Yao ilitumia rangi iliyotengenezwa kwa metali ya rutheni na ilibadilisha asilimia 7 hivi ya nishati ya jua kuwa umeme. Yetu ya maua haitafika hata asilimia 1. Mimi ni fundi wa maabara katika shule ya sekondari, na kazi hii naipenda kuliko zote ninazofanya na wanafunzi, kwa sababu kila sehemu ya seli unaijenga kwa mkono na kuiona kwa macho. Paneli ya silikoni iliyo juu ya paa haikupi nafasi hiyo.

Vitu viwili lazima uagize kwa wauzaji wa vifaa vya maabara. Cha kwanza ni kioo kilichopakwa oksidi ya bati yenye florini upande mmoja, ambacho kinapitisha mwanga na umeme kwa pamoja. Vipande vya sentimita 2.5 kwa 2.5 vinatosha. Cha pili ni unga wa titani dioksidi, kwa kifupi titania, wenye chembe za nanomita 20 hadi 25 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Usidanganyike na unga mweupe wa kutengenezea rangi ya ukutani. Ni titani dioksidi pia, lakini chembe zake ni kubwa karibu mara kumi, zimekusudiwa kutawanya mwanga ili ukuta uonekane mweupe, na mara nyingi zimefunikwa kwa alumina au silika zisiharibu rangi. Kifuniko hicho ndicho kitakachokuangusha, kwa sababu kinaizuia rangi ya choya kushikana na titani.

Iodini, potasiamu iodidi na ethilini glaikoli huwa ziko maabara nyingi za sekondari na vyuo. Siki nyeupe, selotepu, penseli, klipu za karatasi, limau na magadi utavipata soko la Kibuye au dukani mtaani.

Hatua ya 1: Tazama rangi inakula mwanga gani

Wengi hupenda kuruka hapa waanze kupaka. Usiruke.

Chukua DVD tupu ya kurekodia, ipasue kwa kisu kupitia ukingoni mpaka tabaka zake mbili ziachane, kisha toa ule utando unaong'aa kwa selotepu. Plastiki angavu inayobaki ina mistari iliyoachana kwa nanomita 740, na mistari hiyo hutawanya mwanga kwa rangi zake. Katika boksi la nafaka kata ufa mwembamba upande mmoja, uubane kwa nyembe mbili, na upande wa pili tengeneza tundu la jicho, ulizibe kwa kipande cha DVD. Elekeza ufa kwenye balbu ya LED nyeupe. Kamwe usielekeze kwenye jua.

Sasa weka glasi ya maji ya choya mbele ya ufa. Kijani kinafifia, na maji yakikolea kinatoweka kabisa, huku nyekundu ikibaki imara. Molekuli inayofanya hivyo inaitwa anthosiani, na katika asidi kilele cha ulaji wake kiko karibu na urefu wa wimbi wa nanomita 520, yaani kwenye kijani. Ongeza punje chache za magadi, yale ya kupikia mrenda. Maji yanageuka zambarau, kisha bluu na kijani, na kwenye boksi utaona giza limehamia upande wa manjano na rangi ya machungwa. Molekuli imepoteza protoni, na ngazi za nishati za elektroni zake zimesogea. Kumbuka mhamo huu, tutauona tena bila magadi. Maji haya ya magadi yamwage, hayatumiki kwenye seli.

Hatua ya 2: Tayarisha kioo

Osha vipande kwa sabuni, suuza, malizia na spiriti. Weka mita yako ya umeme (multimita) kwenye omu na uguse uso wa kioo kwa ncha zake mbili: upande wenye omu makumi machache ndio unaopitisha umeme. Ulaze ukiangalia juu. Bandika selotepu kwenye kingo tatu. Ukingo mmoja uufunike kwa milimita 5, hapo ndipo klipu ya waya itashika, na zile mbili kwa milimita 1 au 2. Unene wa selotepu ndio utakaoamua unene wa titania, basi tumia tabaka moja tu.

Hatua ya 3: Saga titania

Vaa barakoa, unga huu ni mwepesi na haufai mapafuni. Changanya kijiko kimoja cha siki na vijiko 20 vya maji yaliyotoneshwa. Weka gramu 6 za unga kwenye kinu cha maabara, na uongeze maji ya siki mililita moja moja, jumla mililita 9 au 10, ukisaga bila haraka kwa nusu saa. Kazi ya asidi ni kuzipa chembe chaji ya aina moja ili zisukumane, zisigandamane kuwa madonge. Mwisho tia tone moja la sabuni ya maji. Uzito unaotakiwa ni wa maziwa mala: inamiminika, lakini haikimbii.

Dondosha kidogo kwenye ukingo wa kioo na uiburute kwa fimbo ya kioo mara moja, bila kurudia njia ile ile. Funika kwa sahani ya maabara, ikauke, kisha bandua selotepu.

Hatua ya 4: Choma

Joto linalohitajika ni karibu nyuzi 450 za Selsiasi, kwa nusu saa. Kama kuna tanuri ya maabara, shukuru. Kama hakuna, weka bati nene juu ya jiko la gesi na kioo juu ya bati, moto uanze mdogo na upande taratibu.

Baada ya muda utando mweupe unageuka kahawia. Hapo ndipo wanafunzi hushtuka. "Mwalimu, si imeungua?" Waambie wangoje. Kahawia ni sabuni na siki zinazoungua, na zikiisha utando unarudi kuwa mweupe kabisa. Weupe huo ukirudi, chembe zimeshikana shingo kwa shingo na elektroni ina njia ya kupita. Zima moto na uache kioo kipoe hapo hapo. Ukikishika kwa koleo baridi kitapasuka.

Utando huu una unene wa maikromita chache tu, lakini ni matundu matupu ndani. Ukijumlisha ngozi ya kila chembe, eneo lake halisi ni mamia ya mara ya eneo unaloliona. Bila hayo rangi isingetosha: tabaka moja la molekuli kwenye uso tambarare hula mwanga kidogo mno.

Titania yenyewe haina msaada mkubwa kwa mwanga wa jua. Pengo lake la nishati, yaani nishati ndogo kabisa inayoweza kuinua elektroni yake, ni elektronivolti 3.2, kwa hiyo inakula tu mwanga wa chini ya nanomita 388, ambao ni asilimia chache za jua. Ndiyo maana ni nyeupe, na ndiyo maana inahitaji rangi.

Hatua ya 5: Tia rangi

Kila kitu kinategemea hatua hii.

Chukua konzi ya choya kavu, mimina maji moto kidogo tu ili yakolee, tia matone ya limau, acha dakika kumi na uchuje kwa kitambaa safi. Kioo kikiwa bado na joto la kushikika kwa shida, kizamishe. Joto huzuia unyevu wa hewa kuwahi kuingia kwenye matundu, na hewa ya Kisumu ina unyevu wa ziwa mwaka mzima.

Angalia baada ya dakika kumi. Utando haujawa mwekundu, umekuwa zambarau iliyokolea! Ni mhamo ule ule uliouona kwenye magadi, ila safari hii maji bado yana asidi. Kilichoisogeza rangi ni titania. Anthosiani imeachia protoni na kujifunga kwenye atomu za titani kwa oksijeni zake mbili jirani. Sehemu ya kikaboni (rangi) na sehemu ya madini (titania) sasa ni kitu kimoja, na mwanga ukipiga, elektroni huruka kutoka kwenye rangi kuingia kwenye titania kwa chini ya femtosekunde 100 (femtosekunde milioni bilioni moja ndizo sekunde moja). Hata njia ya kupoteza nishati kama joto haiwahi kuifikia.

Kushikana huko ndiko umeme wenyewe. Rangi ambayo haijashika, hata ikiwa imekolea namna gani, inafunika tu mwanga. Kwa hiyo suuza kioo kwa maji, kisha kwa spiriti safi. Kinachotoka, kitoke. Zambarau inayobaki ndiyo itakayofanya kazi.

Ukitaka kuwathibitishia wanafunzi, tia rangi kioo kingine kwa stroberi. Anthosiani kuu ya stroberi, pelagonidini, haina zile oksijeni mbili zinazopakana kwenye pete yake ya pembeni. Juisi ni nyekundu ya kupendeza, ila ukisuuza, sehemu kubwa inaondoka na maji. Matunda ya mzambarau yanafaa vizuri, na msimu wake ukifika miti ya huku haina uchoyo.

Geuza kioo uangalie kwa nyuma. Ukiona doa jeupe, rudisha kwenye rangi. Kisha kausha kwa tishu kwa kugusa tu, bila kusugua.

Hatua ya 6: Kioo cha pili

Paka upande unaopitisha umeme kwa penseli ya HB mpaka usiache nafasi, au upitishe juu ya mwali wa mshumaa upate masizi mepesi. Masizi hufanya kazi vizuri zaidi, lakini hufutika kirahisi. Kaboni hii husaidia iodini kupokea elektroni zinazorudi.

Hatua ya 7: Unganisha

Kwa mililita 10 za ethilini glaikoli, yeyusha gramu 0.83 za potasiamu iodidi na gramu 0.13 za iodini. Glaikoli ni sumu na ina utamu, isiachwe karibu na watoto. Usitumie maji ya rejeta ya gari badala yake, kwani yana maji na viungo vingine.

Laza kioo cha kaboni juu ya cha rangi, nyuso zilizopakwa zikitazamana, ukivisogeza kidogo ili kila kimoja kiache ukingo wa kushikia waya. Bana kwa klipu mbili za karatasi. Weka matone mawili ya iodini kwenye mshono, fungua na kufunga klipu kwa zamu, na kimiminika kitajivuta chenyewe mpaka kijaze utando wote. Futa kingo za nje kwa spiriti, iodini iliyobaki hapo huharibu klipu za waya.

Iodidi ndiyo inayoirudishia rangi elektroni iliyotoka, yenyewe ikigeuka triiodidi, na triiodidi huenda kwenye kaboni kupokea elektroni iliyozunguka kupitia waya wa nje.

Hatua ya 8: Pima

Waya hasi ya mita iende upande wa titania, chanya upande wa kaboni. Upande wa titania uelekee jua. Kisumu iko karibu na longitudo ya nyuzi 35 mashariki huku saa zetu zikifuata ile ya nyuzi 45, kwa hiyo jua huwa juu kabisa karibu na saa saba kasorobo na si saa sita kamili. Siku za mvua mimi hupima kuanzia saa nne asubuhi, kabla mawingu hayajajikusanya.

Tarajia volti 0.3 hadi 0.45 na mkondo wa takriban miliampea moja kwa kila sentimita ya mraba. Ukipata volti lakini mkondo ni mdogo mno, kagua kaboni na kingo za kioo. Ukikosa vyote, mara nyingi kioo kimoja kimelala upande usiopitisha umeme.

Kisha weka kizuizi cha kurekebika cha omu 500 kati ya waya, kizungushe, na kila mahali zidisha volti kwa mkondo. Namba kubwa kuliko zote ndiyo nguvu ya seli. Tuseme umepata volti 0.25 na miliampea 2, hiyo ni miliwati 0.5. Utando wa sentimita 4 za mraba chini ya jua kamili hupokea miliwati 400. Ufanisi ni asilimia 0.125.

Wanafunzi watauliza kama inaweza kuzidi hapo. Mwaka 2009 huko Japani, Tsutomu Miyasaka na wenzake waliweka perovskaiti, madini yenye sehemu ya kikaboni ndani ya fuwele yenyewe, mahali pa rangi kwenye seli kama hii. Walipata asilimia 3.8, na leo seli za ukoo huo zimepita asilimia 25 maabarani. Ile waliyotumia ina metali ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo haifai kuchanganywa kwenye maabara ya shule.

Seli nne zikiunganishwa kwa mfululizo hufikia volti 1.5 hivi, na kikokotoo kidogo kinachotumia jua kinaweza kuwaka kwazo. Zifunike kwa plastiki inayozuia miale ya urujuanimno, kwa sababu titania ikiila miale hiyo huanza kuunguza rangi yake yenyewe. Hata hivyo baada ya siku chache zambarau itafifia na kuwa kahawia. Hapo fungua klipu, loweka vioo kwenye maji ya sabuni, sugua titania itoke, vipime tena kwa omu na uvihifadhi kwenye tishu. Vioo ndivyo ghali, na vinatumika tena na tena.